Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Daktari wa watoto aliinua kichupa cha damu kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa kama mtu anayekagua mafuta ya kupikia kabla ya kununua.

"Hebu niambie, Inspekta. Hii rangi gani?"

Inspekta alisogea karibu. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikwisha kuona damu ya kila namna: ya kisu, ya chupa, hata ya kuku iliyosingiziwa kuwa ya mtu. Hii hakuwahi kuiona.

"Kama kahawa."

"Kahawa iliyosahauliwa kikombeni. Hii ni ya juzi, mtoto alipoletwa. Midomo buluu, kucha buluu, ungedhani amevujiwa na kalamu. Na hii ni ya leo asubuhi." Kichupa cha pili kilikuwa chekundu safi.

"Umempa nini?"

"Dawa ya buluu." Daktari alicheka peke yake. "Usinikodolee macho hivyo. Mtoto wa buluu nimemtibu kwa dawa ya buluu, na sasa nepi zake zina rangi ambayo manesi wa wodi zote wanapanga foleni kuja kuishangaa. Atapona."

Koplo, ambaye tumbo lake lilikuwa na desturi ya kuingia chumbani nusu dakika kabla ya mwenyewe, alishusha pumzi. "Kwa hiyo ni sumu ya wadudu, kama tulivyosema."

"Kama mlivyosema nyinyi. Sumu ya wadudu humtoa mtu mate kama bomba bovu, na mboni za macho zinakuwa tundu la sindano. Huyu macho yake mazima, mate hana." Daktari alimsukumia Inspekta karatasi ya maabara. "Ni nitreti. Chumvi inayozaliwa samadi ikioza ardhini. Mtu mzima anainywa, anacheua, anaendelea na safari zake. Mtoto wa miezi miwili damu yake inashindwa kubeba hewa. Maji ya kisima cha mtaa wa chini yana nitreti mara nane ya inayoruhusiwa."

Inspekta alisoma karatasi mara mbili. Dawa ya wadudu: hakuna. Nitreti: wino mwekundu.

"Basi mambo yamekwisha, afande," Koplo alisema. "Samadi ni ya mkulima. Mzee Pampu ni mkulima. Tunabadilisha neno moja tu kwenye hati ya mashtaka, sumu inakuwa mbolea, saa nane anasomewa."

Hilo ndilo lililokuwa likimwasha Inspekta shingoni. Mzee Pampu, mlima mboga aliyepewa jina hilo kwa sababu watu hawakukumbuka kumwona bila pampu ya dawa mgongoni, alikuwa mahabusu siku ya pili. Saa nane mchana angesimamishwa kizimbani kwa kutia sumu kwenye maji, na aliyekaribia kufa alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Ushahidi ulikuwa mmoja, ila mzito: mhandisi wa mtambo wa gesi, mtu anayeheshimika mtaa mzima, alimwona kwa macho yake akisuuza pampu kwenye kijito kinachopita juu ya kisima.

Mhandisi huyo alikuwa kaka yake Inspekta. Tumbo moja, ziwa moja. Alipotoa maelezo yake, Inspekta hakuona haja ya kumuuliza mara ya pili.

"Mama wa mtoto yuko wapi?" aliuliza.

Alikuwa barazani, amekaa kwenye benchi na chupa tupu ya mtoto mapajani. Alipomwona Inspekta alisimama kwa heshima, lakini uso ulikuwa umefungwa.

"Kama umekuja kuniuliza habari za yule mzee, dada, mimi sina baba. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia alichofanya."

"Nimekuja kuuliza habari za maziwa. Maziwa ya mtoto unayatengenezaje?"

Mama mtoto alimtazama kama anayetegewa mtego. "Unga wa kopo, vijiko vitatu. Mimi maziwa yalikauka wiki ya pili. Maji ya kisima, nachemsha, nayaacha yapoe, nachemsha tena."

"Mara mbili?"

"Mtoto wa kwanza huyo, dada. Na gesi tunayo. Zamani za mkaa ungechemsha kwa kuhesabu vipande. Siku hizi bomba la mtambo linaingia mpaka jikoni, nafungulia, sufuria inatokota mpaka maji yanabaki nusu. Najua humo kimekufa kila kitu."

Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifumba macho. Alimvuta Inspekta kando. "Usimwambie leo. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi haifi. Maji yakibaki nusu, nitreti ile ile inabaki kwenye maji nusu. Angekuwa mvivu, mtoto angeugua kidogo."

*

Mahabusu ilinuka dawa ya kusafishia choo na watu waliokosa usingizi. Mzee Pampu alitoka akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda walikwisha kumnyang'anya.

"Mjukuu wangu?"

"Anaendelea vizuri."

Mzee aliketi sakafuni hapo hapo, kiti kikiwa pembeni yake. Koplo alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Mzee, bustanini kwako unatumia mbolea gani?" Inspekta aliuliza.

"Ya dukani nimeitupa zamani. Nilikuwa natumia lile tope linalotoka kwenye mtambo wa kaka yako, lililokwisha kutoa gesi. Afande, lile tope ni dawa. Nilipata kabichi moja ikabidi niibebe kwa toroli, na toroli likapasuka tairi."

"Mzee!" Koplo alisema.

"Basi lilipungua upepo. Lakini kabichi ilikuwa kubwa." Tabasamu lilimpita haraka. "Ila tangu mwezi wa tatu nanyimwa. Naenda na madumu yangu naambiwa hakuna, wakulima wa juu wamebeba lote. Nikawauliza wa juu. Wanasema na wao wanaambiwa sisi wa chini tumebeba lote."

Inspekta aliacha kuandika. "Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyebeba?"

"Labda kuna wakulima wa mbinguni."

"Na pampu uliisuuza wapi?"

"Nimesema siku ya kwanza mkacheka. Bustanini kwangu, kwenye shimo nililolitia mchanga na majivu. Miaka thelathini. Kijitoni anaosha mwendawazimu, binti yangu anakunywa pale."

Nje, Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka. Mtu huyo alikuwa na sauti ya kabati linalofungwa.

"Faili limeshapangwa, Inspekta. Karatasi ya maabara peke yake inaniambia maji ni mabaya. Haimfuti shahidi aliyemwona kwa macho. Niletee maelezo mapya ya shahidi huyo huyo, yenye sahihi, kabla ya saa nane. La sivyo mzee anasomewa na anarudishwa rumande wiki mbili."

Ilikuwa saa nne na robo.

*

Mtambo ulikaa kwenye kilima kidogo, juu ya mtaa wa chini: makuba matatu ya saruji yaliyofukiwa nusu, kama watu watatu waliozikwa wakasahauliwa kufunikwa matumbo. Inspekta aliupenda mtambo ule. Siku ulipowashwa mara ya kwanza alikuwepo, na kaka yake ndiye aliyempa kiberiti. Tangu hapo majiko mia mbili ya mtaa hayakurudi kwenye mkaa, kikohozi cha moshi kilipungua, na mlima uliobaki kipara ulianza kuota miti midogo. Kinyesi cha machinjioni, kilichokuwa kikitupwa wazi na kutoa gesi yake bure angani, sasa kilipika chai. Alipokutana na watu waliobeza, Inspekta ndiye aliyekuwa akimtetea kaka yake, tena kwa sauti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu! Na Koplo wangu! Koplo, ukikaa pembeni ya kuba watu watadhani tumejenga la nne."

"Mimi ndilo lenye gesi nyingi kuliko yote, mhandisi," Koplo alijibu, akakaa.

Mhandisi alikuwa mrefu, mashati yake yote yamepasiwa, kalamu mbili mfukoni. Aliwasha stovu ofisini, akachukua dumu la njano lililokuwa chini ya meza na kumimina maji kwenye birika la chai. Kwenye dumu palikuwa na alama ya rangi nyekundu, msalaba mdogo. Mama yao huweka alama hiyo kwenye kila chombo chake, hata ufagio, kwa sababu majirani zake wote anawahesabu kuwa wezi.

"Maji unatoa kwa mama?" Inspekta aliuliza. "Kisima hiki hapa chini, hatua mia tatu. Kwa mama ni mwisho kabisa wa mtaa, na yeye mwenyewe alikuwa akiteka hapa hapa."

"Si lile tangi la mvua nililompelekea. Maji matamu. Nikienda kumwona najaza dumu."

"Ulimpelekea lini? Nimesahau."

"Ah, mwezi wa tatu, wa nne huko." Aliweka birika motoni. "Mzee wetu anasomewa leo, sivyo? Inasikitisha. Nilimpenda."

Inspekta aligeuka. Kwenye ukuta lilining'inia daftari la kazi za kila siku, limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kaka yake, mwandiko uliomfundisha yeye kuandika kabla ya kuanza shule.

"Mapipa arobaini yanaingia kila siku," alisoma. "Samadi ishirini, maji ishirini. Gesi inachukua kiasi gani cha hayo?"

"Gesi ni hewa tu, mdogo wangu. Ujazo haupungui cha kuonekana. Tope linalosukumwa na jipya linatoka upande wa pili."

"Arobaini yanaingia, arobaini yanatoka."

"Ndiyo hivyo."

"Nionyeshe yanakotoka."

Mhandisi alitazama birika kana kwamba chai ilikuwa imemwita. Kisha akatangulia.

Birika kubwa la kukaushia tope lilikuwa nyuma ya makuba, refu kama uwanja wa mpira wa watoto. Uso wake ulikuwa na ukoko wa kijivu uliopasukapasuka, na katika nyufa majani yameota hadi gotini. Katikati kabisa kuku alikuwa akipekua, vifaranga saba nyuma yake.

"Yule kuku," Inspekta alisema. "Anatembea juu ya mapipa arobaini ya jana na arobaini ya juzi?"

"Linakauka haraka."

"Mvua imenyesha mwezi wa tatu mpaka wa tano, kaka. Nguo zangu hazikukauka, tope lako lilikauka?"

"Wakulima wanabeba."

"Wa juu au wa chini?"

Inspekta alirudi penye mdomo wa kutolea tope, akachuchumaa. Mfereji wa kwenda kwenye birika ulikuwa umezibwa kwa tofali mbili. Pembeni, bomba jipya jeusi lilitoka na kuzama chini ya banda la kuhifadhia majembe. Aliliwekea kiganja: lilikuwa na joto kidogo, joto la kitu kilichotoka tumboni mwa kuba muda si mrefu. Alilifuata hadi upande wa pili wa banda. Hapo palikuwa na mfuniko wa saruji, na juu ya mfuniko nzi kama mkutano wa hadhara.

"Koplo, hebu sikiliza."

Koplo alilala kifudifudi, jambo lililohitaji mipango, akaweka sikio kwenye saruji. Uso wake ulibadilika.

"Kuna kitu kinadondoka, afande. Chini sana."

"Hiki ni kisima kikuukuu," Inspekta alisema. Alisema taratibu, bila kumtazama kaka yake. "Kile tulichokatazwa kuchungulia tukiwa wadogo. Ukanitisha kuwa kina mtu anayekula vidole. Kilikauka, wakachimba kipya kule chini. Maji ya chini ya ardhi ni yale yale, yameteremka tu. Na wewe unayamiminia mapipa arobaini kwa siku."

"Ilikuwa wiki mbili tu," Mhandisi alisema.

Hapo Inspekta alimtazama.

"Tulipoanza kupokea vya machinjioni, tope lilizidi birika. Ikaja mvua, hakuna anayebeba tope kwenye mvua. Birika lingefurika, lingeshuka kijitoni mchana kweupe. Ningezima mtambo? Majiko mia mbili yarudi kwenye mkaa? Mlima wote ule ukatwe tena? Nikasema wiki mbili, jua likiwaka nachimba birika la pili. Kisha ikawa mwezi. Nikapima maji ya kisima nikaona nitreti inapanda."

"Ukampelekea mama tangi."

Mhandisi aliwafukuza nzi kwa mkono. Kuku alilia mbali.

"Nyumba mia mbili zinateka pale. Ukaiokoa moja."

"Watu wazima hayawadhuru, nilisoma. Sikuwaza watoto wa maziwa ya kopo. Naapa sikuwaza." Alimshika mkono. "Mdogo wangu, sikiliza. Bomba naling'oa leo. Birika nachimba kesho. Baada ya miezi kadhaa maji yanakuwa safi, hakuna atakayejua, na mzee mwanasheria atamtoa, ushahidi wenyewe mwepesi..."

"Ushahidi ni wewe."

Mkono wake uliteleza.

"Aliosha pampu kijitoni?" Inspekta aliuliza.

"Aliosha."

"Kijitoni, kaka?"

Mhandisi alivua miwani, akaifuta kwa shati lililopasiwa. "Bustanini kwake. Penye mchanga na majivu."

"Ulisema kijitoni. Nimeandika mimi, kwa mkono wangu."

"Ulikuja hapa jasho linakutoka, mtoto anakufa, mtaa unataka mtu. Nilikupa mtu." Sasa alikuwa na hasira, hasira ya aliyekamatwa. "Na wewe hukuniuliza mara ya pili. Ungeuliza mwingine yeyote mara kumi."

Kati ya yote aliyoyasema asubuhi ile, hilo ndilo lililokuwa kweli bila kasoro. Inspekta alitoa karatasi za maelezo mkobani, akazitazama, akampa Koplo.

"Mimi siwezi kuandika maelezo ya ndugu yangu. Andika wewe. Kila neno, na saa. Ukimaliza, teremka na mnyororo ukafunge mkono wa pampu ya kisima, uwaambie watu kwa nini."

"Utaandika kuwa sikukusudia?" Mhandisi alimuuliza dada yake.

"Koplo ataandika utakachosema. Ukitaka kusema tena uongo, hapa pana nafasi ya kutosha."

Aliondoka akaenda kusimama penye makuba, mgongo umewaelekea. Alikuwa akisikia kalamu ya Koplo, sauti ya kaka yake, na lile linalodondoka, ingawa kwa umbali ule haikuwezekana kulisikia. Ofisini birika la chai lilikuwa limechemka hadi likakauka, akaenda kuzima stovu.

Mhandisi alitia sahihi saa sita na nusu.

*

Alipofungua gari, kaka yake aliingia kiti cha mbele. Aliingia kama alivyokuwa akiingia siku zote, akarudisha kiti nyuma kupisha miguu yake mirefu, akashusha kioo. Inspekta aliona. Aliwasha gari.

Njia ya mahakamani ilipita hospitali. Alisimamisha gari kwenye lango.

"Hapa kwa nini?" Mhandisi aliuliza.

"Mama wa mtoto amemkana baba yake kwa neno lako. Mimi nililipeleka, wewe utalirudisha."

"Mdogo wangu, nimeshatia sahihi. Inatosha."

"Shuka, kaka."

Mama mtoto alikuwa pale pale kwenye benchi. Mhandisi alisimama mbele yake, mrefu, kalamu mbili mfukoni, akaanza kwa maneno ya kihandisi: ujazo, msukumo, msimu wa mvua. Mwanamke alimsikiliza bila kuelewa. Kisha Mhandisi akakwama, akasema kwa ufupi, kama mtu anayetema.

"Maji niliyaharibu mimi. Baba yako hakuosha kitu kijitoni. Nilidanganya."

Nesi mmoja aliyekuwa akipita na sinia alisimama. Mama mtoto hakupiga kelele. Alikuwa akitafuta kitu kichwani, polepole, midomo ikitembea.

"Ulijua lini kama maji ni mabaya?"

"Mwezi wa tatu."

"Tarehe?"

"Mwishoni. Ishirini na kitu."

"Mwanangu alizaliwa wa nne," alisema. "Tarehe kumi. Ulinipita kisimani nina tumbo hili, ukanisaidia kujitwisha ndoo. Ukaniambia nisibebe nzito."

Mhandisi alirudi nyuma hatua moja.

Mama mtoto alimwomba nesi amwangalie mwanawe kwa saa moja, akajifunga kitenge vizuri, akamgeukia Inspekta. Alimtazama muda mrefu, na Inspekta alijua na yeye anahesabiwa.

"Nipeleke kwa baba. Nataka awe ananiona mimi wanapomfungulia, asiwaone nyinyi."

Saa saba na dakika ishirini. Walitembea hadi kwenye gari. Mhandisi alitangulia, akafungua mlango wa mbele, akaweka mguu ndani.

"Kaka," Inspekta alisema. "Hicho si kiti chako. Rudi nyuma."

Alibaki ameshika mlango. Huko nyuma palikuwa na wavu wa chuma, na milango isiyofunguka kwa ndani. Alimtazama dada yake kama anayesubiri acheke.

Inspekta alizunguka, akafungua mlango wa nyuma, akasubiri. Kaka yake alipoinama kuingia, alimwekea kiganja kichwani ili asijigonge, kama anavyowafanyia wote.

Kisha akafunga, na mama mtoto akaketi mbele.